Fomu Niliyomficha Makena

Wenzangu wa kwaya mmeniuliza mara nyingi, wengine kwa ujumbe wa simu, wengine mlangoni pa kanisa barakoa zikiwa kidevuni, ile safari ya likizo ya Aprili ilikuwaje hata mimi na Makena tukaondoka tukilishana karanga na kurudi kila mtu akitazama dirisha lake. Nilikuwa nikijibu kwamba tulichoka. Tulichoka kweli, lakini si hilo lililotokea. Sasa majibu ya vyuo yametoka na hakuna tena cha kuharibu, kwa hiyo naandika yote. Mambo ya kujisajili na kuweka miadi nayaruka, yalinichosha hata mimi.

Kwa asiyetufahamu vizuri: Makena na mimi tulikuwa darasa moja tangu nilipofika Doonside, hapa magharibi mwa Sydney, nikiwa na miaka kumi na mitatu, na wote wawili tulitaka udaktari. Wazazi wake ni Wakenya. Mama yake ni muuguzi, baba yake ni mhasibu, na wanakaa Toongabbie. Wangu ni Warundi waliotoka kambini Kigoma. Mama anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, baba anafanya kazi ghalani. Na niseme mapema ili msije mkaniona malaika: nilimwonea Makena wivu. Wala si wivu wa kutaka viatu vyake. Nilitaka kuwa na baba anayeniuliza mezani leo nimesoma nini, na akiambiwa, aelewe.

Ni huyo baba yake aliyechukua likizo kazini ili amzungushe binti yake kwenye vyuo vinne vya udaktari vinavyochukua watoto wanaotoka sekondari, aone mwenyewe vipi vya kuomba na kwa mpangilio gani. Maana kwenye maombi hutaji vyuo tu. Unavipanga, cha kwanza, cha pili, cha tatu, na ukikosea mpangilio unaweza kujuta. Nafasi kwenye gari ilikuwepo, nami nikaalikwa.

Doonside hadi Kensington

Chuo cha kwanza hakikuhitaji gari. Nilipanda treni Doonside, wao wakapandia Toongabbie, tukakaa kila mtu kwenye kiti chenye alama ya kijani, kwa kuwa viti vingine havikuruhusiwa kukaliwa siku zile. Nilimwamkia Baba Makena shikamoo. Yeye ni mtu wa Meru, na miaka yote hiyo bado shikamoo humpata kama mtu aliyerushiwa mpira ghafla. Alijibu marahaba kwa sauti kubwa, abiria wakageuka.

Kutoka stesheni kuu ya Central tulichukua ile treni ndogo ya barabarani mpaka Kensington. Mwanafunzi wa mwaka wa nne alitupokea, tukiwa kundi la watu kumi hivi, kila mmoja ameambiwa asimame mbali na mwenzake. Wazazi wengine walikuwa wakitazama majengo. Baba Makena alikuwa na daftari. Aliuliza maiti za kujifunzia zinaanza kutumika mwaka gani, aliuliza wanaofeli mwaka wa kwanza wanakwenda wapi, aliuliza kama mahojiano yatafanywa ana kwa ana au kwenye skrini kwa sababu ya korona. Yule kijana alianza kujibu akimtazama Baba Makena peke yake, kama vile sisi wengine tumekuja kumsindikiza.

Mwishoni Baba Makena alinionyesha kwa kalamu akasema, "Na huyu pia ni msichana wangu, naye anaomba."

Nilifurahi mpaka masikio yakapata moto. Dakika hiyohiyo nikakasirika, maana nilijua ni neno la kukopeshwa, jioni litarudi Toongabbie na mwenyewe.

Chakula cha mchana tulikula kwa binamu yake Makena, anayepanga nyumba na wanafunzi wengine wanne mtaa wa nyuma ya chuo. Sukuma na ugali, kila mtu na sahani yake, dirisha wazi. Binamu huyo alisema alama zinazotakiwa pale ni za kutisha, na ule mtihani wa kompyuta wa watakaosomea udaktari ndio unaowakata watu. Makena alikuwa anakwenda tuisheni ya mtihani huo kila Jumamosi. Mimi nilikuwa na kitabu cha maktaba ambacho mtu alishajaza majibu kwa penseli.

Tuliporudi stesheni Makena alisema ameshaamua, Kensington ndiyo ya kwanza. Alisema kama mtu anayechagua kiti.

Doonside hadi Newcastle

Kesho yake asubuhi gari lilisimama mlangoni kwetu. Mama alitoka na sufuria ya isombe, kisamvu cha kwetu Burundi, aliyoifunga kwa taulo, na ugali pembeni, akampa Baba Makena kwa mikono miwili. Baba Makena akasema hakupaswa kusumbuka. Mama Makena naye alikuwa amefunga chapati, mayai ya kuchemsha na chai ya chupa, na kila kifuko kina jina la mwenyewe kwa kalamu nyeusi. Changu kiliandikwa ODET, bila herufi mbili za mwisho za Odette.

Barabara ya kaskazini ilikuwa nyeupe na ya haraka. Shida ilianzia Newcastle kwenyewe. Mtu wa kututembeza aliamka na mafua, akapimwa, na kwa sheria za wakati ule hakutakiwa kutoka kwake mpaka jibu lije. Wakatafuta mwingine. Tulikaa nje kwenye benchi saa tatu nzima. Mlinzi mmoja wa kike, mtu mzima, alituonea huruma akatuletea viti viwili vya plastiki na kutuambia anajua sehemu ya jua.

Hapo ndipo Baba Makena alipofungua sufuria ya mama. Alionja isombe, akaongeza. Alisema hajala kisamvu cha namna hii tangu azaliwe. Akaniuliza kama mimi najua kuipika, nikasema ndiyo, napika mama akiwa kazini.

"Unaona, Makena?" akasema. "Odette anapika, analea wadogo zake, na tuisheni hana. Na hesabu anakushinda."

Makena alisema kwa Kiingereza kwamba amesikia. Akaondoka kwenda kujaza chupa ya maji, akakaa huko muda mrefu. Mimi nilifikiri ana haja ndogo. Nawaambia kweli, nilikaa pale nikitafuna, nikimeza zile sifa pamoja na ugali, wala sikuwaza zilipita kwa nani kabla ya kunifikia.

Chuo chenyewe tulikiona kwa nusu saa tu. Nakumbuka miti mingi na maabara yenye madirisha marefu. Aliyetutembeza alituambia kwamba wao na Armidale wanafundisha udaktari mmoja. Ukiomba, unasema unataka kukaa wapi.

Newcastle hadi Armidale

Njia ya kwenda Armidale inapita Tamworth. Nililijua hilo tangu nilipoiona ramani.

Hapa lazima niwaeleze jambo ambalo hata ninyi wengi hamlijui. Familia yetu haikuletwa Sydney moja kwa moja. Nilipokuwa na miaka saba tuliwekwa Tamworth, na tulikaa miaka sita. Baba alifanya kazi machinjioni. Alirudi kila siku ananuka, hata akioga, na shuleni kulikuwa na wasichana wawili waliokuwa wakiziba pua nikipita. Tulipohamia Doonside nilijiambia sitaitaja tena Tamworth, na watu wakiniuliza tulitokea wapi, nilisema Tanzania, basi. Makena naye alijua hivyo.

Baba Makena alisimama Tamworth kuweka mafuta. Kutoka kituoni niliona kabisa barabara inayokwenda machinjioni, na lori la ng'ombe likikunja kona. Aliniuliza kupitia dirishani, kwa mazungumzo tu, kama nimewahi kufika sehemu hizi.

"Hapana," nilisema.

Tulipoanza kupanda milima baridi iliingia garini, na Makena akaanza kukohoa. Alisema ni koo kavu. Baba yake akampa chai. Akakohoa mpaka Armidale, na mwenye moteli, mwanamume mpole mwenye sweta la sufu, alimsikia akikohoa wakati tunaskani ile alama ya mlangoni kwa simu zetu. Alisema kwa upole hana neno nasi, ila yule binti apimwe kwanza.

Armidale

Walimpima palepale garini kwenye uwanja wa hospitali, kijiti puani, machozi yakimtoka. Akaambiwa abaki chumbani mpaka jibu lije. Tulikuwa tumepanga kulala chumba kimoja mimi na yeye, ikabidi nipewe cha peke yangu. Baba yake naye aliamua kutotoka. Sheria haikumkataza, lakini alisema si heshima mtu mwenye mgonjwa nyumbani kwenda kupumulia watu chuoni.

Kwa hiyo asubuhi nilikwenda peke yangu. Makena alinipa karatasi kupitia dirisha la chumba chake, ameandika maswali tisa kwa mwandiko wake ule mzuri. Baba yake alinifikisha getini, akanikabidhi daftari lake lilelile la Kensington. Akasema ananiamini, nimuulizie mwenzangu kama ninavyojiulizia mwenyewe.

Aliyenipokea alikuwa mama mmoja mwenye nywele nyeupe, aliyesema nimwite Maureen. Ofisi yake ilikuwa na hita miguuni na mbwa amelala chini ya meza. Alinikalisha, akajibu maswali yote tisa bila haraka. Halafu aliuliza swali lake. Je, nimewahi kuishi nje ya miji mikubwa?

Hapakuwa na mtu wa kunisikia. Nikasema Tamworth, miaka sita, mfululizo.

Alitabasamu kama mtu aliyeletewa barua njema. Alinieleza kwamba mtoto aliyekulia bara, angalau miaka mitano mfululizo, ana mlango wake. Alama anazotakiwa kupata si zilezile za mtoto wa Sydney, kwa sababu wanatafuta watu watakaorudi kufanya kazi huku. Nilichotakiwa ni kuleta ushahidi wa shule niliyosoma. Nilikaa pale nikiwaza miaka yote ile ya kuzibiwa pua, na sasa kumbe inahesabiwa.

Nikiwa nimesimama kuondoka, akasema neno moja zaidi. Ukishajaza maombi ya kawaida, kuna fomu nyingine ya chuo chenyewe, ya pembeni, unajaza kwenye tovuti yao. Bila hiyo maombi yako hayasomwi, na kila mwaka kuna watoto wazuri wanaoisahau. Akaomba nimwambie na rafiki yangu.

Niliandika kwenye ukurasa mpya. Kisha njiani, nikirudi kwa miguu moteli, nikaichana ile karatasi kwenye daftari la Baba Makena, taratibu, isibaki alama, nikaiweka mfukoni.

Makena alikuwa dirishani akisubiri, amejifunga blanketi. Nilisimama nje kwenye baridi nikamsomea majibu tisa, moja baada ya jingine. Alisikiliza kwa makini akiandika. Aliniuliza kama yule mama alisema kitu kingine.

"Hakuna," nilisema.

Alinitazama kidogo zaidi ya kawaida, halafu akanishukuru. Niliingia chumbani kwangu nikakaa kitandani na viatu. Nilikuwa nimejiandaa kujisikia vibaya, lakini kwa saa ile, Mungu anisamehe, nilijisikia tajiri. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu ambacho Makena hana, na hakuna aliyenikopesha.

Jibu la kipimo lilikuja kesho yake asubuhi na mapema. Hakuwa na korona.

Armidale hadi Orange

Siku hiyo ilikuwa ndefu kuliko zote. Tulishuka tena kupitia Tamworth, nikajifanya nimelala, tukakata kushoto na kulia kwenye mashamba yasiyo na mwisho. Coonabarabran tulikula pai za nyama zilizounguza ulimi. Baba Makena alipotea mara moja karibu na Dubbo, akabisha na simu yake inayomwelekeza njia, simu ikashinda. Makena alikuwa mchangamfu kwa kufunguliwa chumbani, akaimba alto yake yote ya Pasaka. Mimi nilishindwa kuitikia.

Tulipofika Orange simu iliishiwa chaji. Baba Makena aliingia kituo cha mafuta kumuuliza mwanamke wa kaunta chuo kiko wapi. Yule mwanamke alitutazama watatu, akasema ah, ninyi wa kuchuma, akachora ramani kwenye risiti. Baba Makena hakulisikia vizuri hilo neno la kuchuma. Tulifuata ramani ile mpaka mwisho wa lami, tukajikuta mbele ya banda kubwa la kupakia matofaa, na watu wenye vizibao vya njano wakishusha makreti.

Makena alielewa kwanza. Alisema kwa Kiingereza kwamba yule mama ametuona sura tu akadhani ni vibarua. Baba yake alikaa ameshika usukani. Nililiona sikio lake likibadilika rangi. Mimi sikushangaa. Mtu aliyewahi kuwa mtoto wa machinjioni hashangai.

Mwanamume mmoja Mwafrika alitusogelea akatusalimia kwa Kiswahili. Alikuwa Mkongo, anaitwa Papa Déo, mkono wake wa kushoto umefungwa kitambaa. Alituuliza wabinti hawa wanatafuta nini huku.

Baba Makena akamweleza.

"Shule ya udokta? Iko," alisema Papa Déo. "Lakini si huku. Huku ni matofaa tu."

Alicheka, na Baba Makena akacheka pia, mara ya kwanza tangu kituo cha mafuta. Papa Déo alitupa mfuko wa matofaa yaliyopondeka kidogo, yale ambayo hayauzwi. Makena alimuuliza mkono umefanya nini. Alisema alianguka ngazini, vidole viwili havikunjiki, na amepewa miadi ya daktari ya wiki ya tatu kutoka siku ile, maana daktari aliyekuwepo amehama. Akatuambia kule Uvira alikuwa muuguzi, infirmier, miaka kumi na moja, kwa hiyo anajua vile vidole vikisubiri wiki tatu vitakuwaje.

Makena aliomba auone. Akakifungua kitambaa, wote wawili tukautazama ule mkono, tukajua hatujui kitu. Makena akaufunga tena, vizuri kuliko ulivyokuwa. Papa Déo akauliza, "Mukimaliza masomo, mutabaki huku ao mutakimbilia Sydney?"

Makena alisema Sydney, palepale, bila ubaya. Baba yake alisema tutaona. Mimi nilitazama matofaa.

Orange hadi Toongabbie

Chuo cha Orange tulikiona asubuhi. Ni kidogo, kipya, na waliotupokea walikuwa watu wa kuongea. Sitasema mengi kwa sababu sikusikia mengi. Nilikuwa na ile karatasi mfukoni, nimeikunja mara nne, na kila nikiingiza mkono naikuta.

Tulirudi kwa njia ya Bathurst. Pale Baba Makena alishuka kutafuta kahawa, tukabaki garini wawili. Makena alikuwa amechora jedwali la vyuo vyote vinne, kila kimoja na uzuri wake na ubaya wake, amelichora mara mbili. Nakala moja akanipa, akisema nisisumbuke kuandika upya. Kwenye yake alikuwa ameweka namba moja Kensington. Akaniuliza kama Armidale aweke ya pili.

Nilivumilia kama dakika moja. Kisha nikamwambia kuna fomu. Nilimwambia yote: yule mama, alivyoniomba nimwambie, karatasi nilivyoichana. Niliitoa nikaiweka juu ya jedwali lake.

Hakuigusa.

"Najua," alisema. Alisema kwa Kiswahili, na Makena hujibu kwa Kiswahili mara chache sana. "Nilishaanza kuijaza. Mwalimu wa tuisheni alituambia siku ilipofunguliwa."

Nilimuuliza mbona hakuniambia. Alichezea mkanda wa kiti. Halafu akasema ukweli, nami sijui kama ningeweza kuusema hivyo. Alisema alitaka niikose. Akasema kila jioni mezani baba yake anamuuliza amesoma nini, na akishajibu anaambiwa Odette anasoma bila tuisheni, Odette analea wadogo zake, Odette hesabu zake. Hata siku aliyopata alama ya juu darasani, swali la kwanza lilikuwa Odette kapata ngapi. Alisema ana miaka minne anakula na mimi meza moja na mimi sipo.

Nilipaswa kumwonea huruma. Badala yake niliumia, kwa sababu kosa langu nilikuwa nimelililia siku mbili na lake alikuwa amelibeba wiki nzima akiniimbia alto. Nikatafuta kitu cha kumpiga nacho, na nilikuwa nacho. Nikamwambia mimi nilikulia Tamworth miaka sita, nahesabiwa mtoto wa bara, Armidale alama zangu hazitalinganishwa na zake. Nilimwambia na machinjio pia. Siri niliyoitunza miaka minne kwa aibu, nikairusha kama jiwe.

Makena alisema hiyo si haki. Nikamwambia ameshakuwa na haki ya kutosha.

Baba Makena akarudi na kahawa tatu kwenye kisahani cha karatasi. Alitutazama kwenye kioo, akauliza kuna nini. Tukasema kwa pamoja hakuna kitu, na hilo ndilo neno la mwisho tulilosemezana kupita milima yote. Blackheath kulikuwa na ukungu, akapunguza mwendo, akazima redio ili aone vizuri. Ndivyo tulivyofika, na ndivyo mlivyotuona Jumapili.

Doonside tena

Mnajua kilichofuata, mlikuwepo. Miezi miwili baadaye tulifungiwa, na sisi wa upande wa magharibi tukafungiwa kuliko wengine. Hatukuruhusiwa kupita kilomita tano kutoka nyumbani, na Toongabbie ni mbali kuliko hapo. Watu walidhani mimi na Makena hatuonani kwa sababu ya korona. Ilitufaa wote wawili.

Nilipanga Armidale ya kwanza. Mama aliposikia alikaa jikoni muda mrefu. Alikuwa ameshawaambia wafanyakazi wenzake Kensington, jina wanalolijua. Aliniuliza kwa nini nirudi kule walikotudharau. Nilijaribu kumweleza mlango wa watoto wa bara, nikamweleza na vidole vya Papa Déo, lakini sikuwa na uhakika ni kipi kati ya hivyo kilichonipeleka, na mama alilijua hilo. Alisema basi nijaze, yeye atazoea.

Mahojiano nilifanyia chumbani kwake, simu imeegemezwa kwenye Biblia, wadogo zangu wametishiwa wakae kimya. Mmoja wa waliohoji aliniuliza niseme jambo nililowahi kufanya nisilojivunia. Nilisimulia karatasi niliyoichana, ila sikutaja jina.

Mwezi huu majibu yakaja. Nimepata Armidale. Baba alisoma ule ujumbe mara tatu kisha akatoka nje kukata majani ambayo hayakuwa marefu. Saa moja baadaye Makena alinipigia, mara ya kwanza tangu Bathurst. Udaktari hakupata popote. Wamempa sayansi ya tiba Kensington, miaka mitatu, halafu ajaribu tena. Nitawaambia kama ilivyokuwa: kwanza nilifurahi. Haikudumu, lakini ilikuwepo.

"Nakuonea wivu, Odette," alisema. "Nakuonea wivu mpaka tumbo linaniuma. Nimeona nikuambie mwenyewe."

Nikamwambia mimi namwonea hata sasa. Atalala kwao, atakula chapati za mama yake, baba yake atamngoja stesheni mvua ikinyesha. Mimi nitakuwa peke yangu kwenye baridi ile, na wa kumuuliza sina. Nilisikia mtu nyumbani kwao akifungua bomba.

Baadaye aliuliza kama Armidale kuna mtu wa kusuka nywele. Nikasema sidhani.

Akaniambia nije Jumamosi. Nilikwenda, nikaketi sakafuni katikati ya magoti yake kuanzia asubuhi mpaka saa kumi, wazazi wake wakipita na kurudi bila kuuliza chochote. Alinisuka vizuri sana, mistari midogo, itakayokaa muda mrefu. Na alivuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, kichwa kizima, mstari kwa mstari. Sikulalamika.